Wavu wa Noeli wa Mama Kunigunda

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, viongozi wa kigango, ndugu zetu mliotelemka kutoka Ukata na Kitura tangu jana, majirani wa Lituhi mlioacha shughuli zenu ili mtusitiri, koo za Haule na Kapinga zinawasalimu, wakubwa wote shikamooni, na zinaomba mtulie kidogo tuwasimulie habari za mama yetu, Kunigunda Kapinga, aliyelala mbele yenu, ambaye wengi mlimwita Mama Tobias na watoto wa chekechea wakamwita Bibi Nyota.

Tunajua kuna minong'ono juu ya wavu ule uliotundikwa mlangoni, uliojaa nyota za matete na kengele za vifuniko vya soda za miaka iliyopita, maana kwa desturi yetu nyumba yenye msiba haipambwi, na wengine mmekwisha kuona kwamba katikati yake, kati ya vitundu vya wavu, pameachwa jicho moja tupu lenye uzi unaoning'inia. Vyote viwili tutavieleza, kwa sababu maisha ya mama huyu hayasimuliki bila wavu huo.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 3 Machi 1953, katika kijiji cha Ukata, wilaya ya Mbinga, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Joakim Kapinga na Mama Walburga Ndunguru, na alipewa jina la mtakatifu wa siku ile, kwa kuwa katekista wa zamani zile hakuwa mtu wa kubishana na kalenda. Alikulia katika mashamba ya ngoro, yale ya mashimo ya milimani, na mibuni, nyumbani kwa mama asiyetupa kitu kabla hajakigeuza mara mbili, na huko ndiko alikojifunza kwamba Noeli haisubiri mtu apate, inasubiri mtu aanze. Maganda ya mahindi yaliwekwa juu ya dari tangu mavuno ili Desemba yawe maua, gunia la kahawa lililochakaa likawa zulia la pango la Mtoto Yesu, na udongo wa kichuguu ukawa wachungaji na kondoo, ingawa kondoo wa Kunigunda, kwa ushuhuda wa ndugu zake waliopo hapa, walifanana zaidi na mihogo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1962 hapohapo Ukata na kumaliza darasa la saba mwaka 1968, kisha akakaa miaka miwili kwa masista akijifunza ushonaji na maarifa ya nyumbani, na alipoondoka walimpa mkasi, ambao mtausikia tena muda si mrefu. Mwaka 1971 alianza kufundisha kina mama kusoma na kushona huko Kitura, katika madarasa ya elimu ya watu wazima, na hapo ndipo alipofahamiana na kijana Edmund Haule wa Lituhi, aliyekuwa akipanda milima na vikapu vya usipa mkavu, dagaa wa ziwani, kila mwisho wa mwezi. Inasemekana kwamba baada ya kumfahamu mwalimu huyo usipa ulianza kupanda Kitura kila wiki, hata watu wa huko wakachoka kuula.

Walifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 5 Oktoba 1974, katika kanisa la Ukata, na bibi harusi akatelemshwa huku ziwani akiwa na sanduku moja, mkasi wa masista, na maarifa yote ya watu wa milimani, ambayo hayakumsaidia sana. Noeli yake ya kwanza ukweni ilipokaribia, alitaka kuipamba nyumba kama alivyozoea, lakini mahindi yalikuwa bado machanga na maganda hayakuwapo, akazunguka uwanjani akitafuta kitu kilichotupwa, akauona nyuma ya nyumba wavu umetundikwa kwenye miti, una matundu ambayo mbuzi angeweza kupita. Kwao Ukata kitu chenye matundu kiasi kile kimekwisha kuwa kitambaa cha kufutia sufuria. Hakuna aliyekuwa amemwambia, maana kwa watu wa ziwani ni jambo lisilohitaji kusemwa, kwamba wavu uliochanika haujafa, umetundikwa kusubiri kushonwa. Akatoa mkasi, akaukata vipande viwili, kimoja akakitandaza juu ya mlango na kukijaza nyota za matete, na cha pili akakichana nyuzi akafumia mashada.

Ulikuwa wavu wa baba mkwe wake, Mzee Nazari Haule, na ndio uliokuwa ukiilisha nyumba ile.

Kikao cha ukoo kilikaa siku iliyofuata Noeli, tarehe 26 Desemba 1974, na maneno yalikuwa makali, tena hatuoni aibu kuyataja kwa kuwa aliyeyasema ameturuhusu. Wifi yake, ambaye ni shangazi yetu Hedwiga, alishauri bibi harusi arudishwe milimani pamoja na mkasi wake kabla hajaanza kukata mitumbwi, na Kunigunda mwenyewe alikuwa chumbani amekwisha kufunga sanduku, analia, kwa sababu alikuwa akimpenda mumewe na hakuona njia ya kubaki. Wote walipomaliza, Mzee Nazari aliinuka. Alitoka, akasimama mlangoni, akautazama wavu wake kwa muda mrefu pamoja na watoto wa jirani waliokuwa wameshinda pale wakishangaa, kisha akarudi na maneno ambayo ukoo huu unayajua kama unavyoijua Salamu Maria: "Binti huyu hajui nyavu, na sisi hatujui kupamba nyumba. Tukimrudisha, tutabaki hatujui." Akachukua kisu, akachonga boya dogo la mti, akalifunga mwenyewe kwenye wavu uliokatwa, na kikao kikaishia hapo.

Tangu Januari mwaka 1975 mpaka mvua za masika zilipokatika, baba mkwe na mkwewe walikaa pamoja kila asubuhi wakishona wavu mwingine badala ya ule, vidole vya mwalimu vikachubuka, akajifunza fundo la wavu, ambalo wavuvi mliopo mnajua halifungiki kwa mkono mmoja, kwani mkono mmoja hushika na wa pili hukaza. Wavu uliokatwa ukabaki kuwa wa Noeli. Hutundikwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, na jioni ya mkesha kila atakayekula Noeli katika nyumba hii hufunga kwenye jicho lake kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, kutoka katika kitu ambacho wengine wamekitupa. Cha dukani hakifungwi. Mmoja wetu aliwahi kujaribu kufunga puto, akarudishwa nje akatafute kifuniko.

Mungu aliwajalia watoto wanne, Tobias, aliyezaliwa tarehe 11 Februari 1976, Herieth, tarehe 30 Aprili 1979, Joakim, aliyezaliwa tarehe 2 Julai 1983 na kuitwa na Bwana kabla hajatimiza mwaka, ambaye mama alimfungia ua la ganda la mahindi kila Noeli bila kukosa, na Aidan, kitinda mimba, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1986. Kuanzia mwaka 1982 hadi 2013 marehemu alifundisha chekechea ya kigango, na kila Novemba wanafunzi wake walisambaa kijijini wakiokota magamba ya samaki, mabua na vifuniko, hata mwenye duka mmoja akalalamika kwamba watoto wanamdai kifuniko kabla soda haijanywewa. Mumewe mpendwa, Mzee Edmund, alifariki tarehe 9 Juni 2009, na mama akaendelea kuilea nyumba kwa kuanika usipa na kushona nyavu za watu, kazi ambayo hakuna mwanamume wa Lituhi aliyemshinda.

Sasa tunafika kwenye jicho tupu, na marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza lisemwe, tena lisipunguzwe. Desemba ya mwaka 2015 Aidan alirudi kutoka Dar es Salaam, alikokuwa ameanza kazi, akiwa amepakata kifuani safari nzima ya basi boksi lenye mti wa plastiki, taa za rangi na mapambo yanayong'aa. Aliamini, kama wengi wa umri wake wangeamini, kwamba mama anapamba kwa takataka kwa sababu ya kukosa, na alitaka apumzike. Mama alisikia dharau mahali palipokuwa na upendo. Mbele ya wageni alishukuru, akautoa mti nje, barazani, akasema kwamba Noeli ya nyumba hii haijawahi kununuliwa na haitanunuliwa. Wageni walicheka, Aidan hakucheka. Aliondoka asubuhi ya tarehe 26, na tangu hapo simu alipiga, mahitaji alileta, lakini Noeli hakurudi, na mama kwa ukaidi wa kwao hakumwomba arudi.

Alichokifanya ni kuuweka ule mti darini, na kuanzia mwaka uliofuata akaacha jicho la katikati wazi, na uzi ukiwa tayari. Aliyetaka kulijaza alizuiwa. Miaka ikapita hivyo, na Herieth, aliyekuwa akikaa naye, ndiye aliyemsikia siku moja akijisemea kwamba yeye alikata wavu mzima akasamehewa, na mwanawe alileta mti tu.

Tangu mwaka 2017 marehemu alisumbuliwa na shinikizo la damu, na tarehe 2 Septemba mwaka huu wa 2024 alipata kiharusi, akatibiwa katika hospitali mjini Mbinga, akarudi nyumbani mkono wa kulia ukiwa umekufa na maneno yakimtoka kwa taabu. Mwezi Novemba aliagiza mti ushushwe darini. Akaupakata kitandani, na kwa mkono wa kushoto na meno akaunyofoa tawi baada ya tawi, akazungusha majani yake ya plastiki kwenye matete, akayashonea magamba ya samaki, mpaka ikatokea nyota. Ilimchukua karibu mwezi mzima, na hakutaka kusaidiwa. Ilipokamilika alimwambia Herieth ampigie mdogo wake, na ujumbe, jinsi ulivyotamkwa, ulikuwa huu: "Mwambie mti wake nimeutengeneza. Imebaki kufunga."

Aidan alifika Jumatano, tarehe 11 Desemba. Tuliokuwapo hatukusikia wakiombana msamaha, na huenda kwa mama mwenye ulimi mzito halikuwa jambo la maneno. Mama alimwonyesha nyota, akachukua uzi wa kuitundikia kwa mkono wake mzima, akaushika, akamsubiri. Mtoto huyu wa ziwani alikuwa hajawahi kujifunza fundo la wavu. Basi mkono wa kushoto wa mama ukashika, na mkono wa kulia wa mwana ukakaza, fundo likalegea mara kadhaa kabla halijakubali, na mama akacheka kwa upande mmoja wa uso, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu augue. Aidan alitaka kwenda kuifunga nyota mlangoni saa ileile, mama akakataa kwa kichwa. Utaratibu ni jioni ya mkesha, na hakuna anayeruka zamu, hata aliyechelewa miaka.

Alipakwa mafuta matakatifu Ijumaa, na Jumamosi tarehe 14 Desemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, alilala usingizi wa milele, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Ameacha watoto watatu, wajukuu wanane na kitukuu mmoja.

Jana wazee wa ukoo walikaa kuamua kama wavu ushushwe, kwa heshima ya msiba. Wengi walisema ushushwe. Ndipo Shangazi Hedwiga, ambaye sasa anatembea kwa kushikwa, alipoomba apelekwe mlangoni, akaushika kwa vidole, akalitafuta lile boya la baba yake mpaka akalipata, akasema kwamba mara ya kwanza alimhukumu mwanamke huyu kwa ajili ya wavu huu na alikosea, na hayuko tayari kukosea mara mbili. Kwa hiyo wavu unabaki. Jioni ya tarehe 24 nyumba hii itafunga kama kawaida, bila ngoma na bila vigelegele, na nanyi mnakaribishwa, njooni na kitu mlichokiokota.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbinga waliomhangaikia, Baba Paroko na jumuiya ndogondogo, walimu aliofanya nao kazi chekechea, wavuvi waliotuletea samaki siku zote za ugonjwa bila kuagizwa, majirani waliopika na kuchota maji, vijana waliochimba kaburi, na wote ambao hatukuwataja, kwani wema wenu ni mwingi kuliko karatasi hii.

Mama Kunigunda, umekwenda Majilio, hujaisubiri Noeli, lakini fundo mlilolifunga wawili halijafunguliwa, nyota iko mikononi mwa mwenyewe, na jicho lake linamngojea. Pumzika kwa amani, Mama. Aidan amerudi kula Noeli.