Nyambizi za Mwalimu Anuari

Mwalimu Anuari alitoka Kolo amepakata boksi la mchezo wa vita vya baharini, uliokuja na mitumba mwaka ule wa tisini na mbili. Nyambizi zilikuwa zimepotea, akaweka mbegu za ubuyu badala yake. Bahari hajawahi kuiona, ila ameifundisha miaka kumi na miwili.

Basi lilipofika Chemba, Bi Salha, mkulima wa mtama, akakaa kando yake, akapewa shikamoo yake, akauliza mwalimu ananung'unikia nini.

"Shemeji yangu kanifunga mara nne, mama. Nyambizi nazipeleka mbele zijifiche, ndege za vita nazibakiza nyumbani zilinde. Nyambizi zinakwisha kabla hazijamwona adui."

"Zitamwonaje nazo ziko chini? Kwetu wakija nyani, mlinzi mmoja anapanda ulingo, juu ya mtama, aonyeshe wanakotokea, wenzake wamejificha kwenye mtama wameshika mawe. Wewe wa ulingoni umemfungia ndani."

Anuari alitaka kumweleza kwamba vita vya bahari ni elimu, akakumbuka elimu hiyo imefungwa mara nne.

"Na ndege zikitunguliwa?"

"Wa ulingoni hapigani, mwalimu. Anaonyesha tu."

"Mchezo huu si wa nyani, mama."

"Hata nyani hajakufunga mara nne."

Basi likasimama Dodoma. Stendi alisimama shemeji, aliyemuoa mdogo wa Anuari, kidevu juu, akingoja shikamoo ya mwaka mzima, dau waliloliwekeana kwa atakayefungwa. Anuari akachungulia dirishani, akainama chini ya kiti.

"Mama," alinong'ona, "hebu tangulia wewe, uniangalie."