Kilomita Arobaini na Saba

Dorcas: Haloo? Nani mwenzangu?

Dama: Ni mimi, mamako.

Dorcas: Mama, shikamoo. Mbona namba ngeni?

Dama: Marahaba, mwanangu. Simu ni ya Margret, hapa jirani. Yangu haina salio. Uko kazini?

Dorcas: Niko kiwandani, ndio, ila niko mapumziko. Na mie nilikuwa nakutafuta. Hospitali wame—

Dama: Ngoja. Nianze mie, maana neno hili limenikaa kooni wiki nzima. Margret aliniuliza, "Mama Tsuma, siku hizi una cherehani?"

Dorcas: Cherehani?

Dama: Nikamwambia, cherehani nitoe wapi? Akasema, mchana ukiwa kule stendi na viazi vyako, ndani mwako kwalia. Krrr, krrr, saa nzima. Akadhani nimeweka fundi.

Dorcas: Mama, hapa mashine zinapiga kelele, sikusikia vizu—

Dama: Umesikia.

Dorcas: Labda ni feni.

Dama: Feni ya nini? Tokeni ilikwisha tangu Jumanne. Twawasha taa ya mafuta.

Dorcas: Basi ni redio.

Dama: Redio hailii krrr, Dorcas.

(Mtandao unakwaruza.)

Dorcas: Haloo? Waniskia?

Dama: Nakuskia. Nimesogea kwenye kamba ya nguo.

Dorcas: Na ndugu yangu Tsuma yuko wapi?

Dama: Ndani. Kitandani, nyuma ya pazia. Ndivyo nilivyomwacha.

Dorcas: Sikiza, mama. Sista wa wadi amenipigia sasa hivi. Kesho saa mbili asubuhi wanamfungua nyonga tena. Wanatoa kile chuma, wanaweka kingine.

Dama: Hilo twalijua.

Dorcas: Lakini daktari anataka hesabu ya ile baiskeli ya mazoezi kwanza. Anasema miezi minane, mfupa umeungana kwenye picha, na mtu bado hawezi hata kukanyaga pedali dakika tatu? Anasema hajaelewa.

Dama: Si nimeandika kila jioni? Daftari lote lina sifuri. Kilomita sifuri nukta mbili. Sifuri nukta moja. Apanda mbele yangu, akanyaga kidogo, atetemeka, jasho lamtoka, ashuka.

Dorcas: Najua. Ila anasema ile kompyuta ya baiskeli ikilala inajifuta. Unachoandika ni cha mara hiyo moja tu. Kuna namba nyingine haijifuti, ya jumla. Hiyo ndiyo anayoitaka, kabla ya saa kumi na moja. Sasa ni kumi na nusu.

Dama: Na ikiwa ni sifuri?

Dorcas: Basi kisu kesho.

Dama: Na isipokuwa sifuri?

Dorcas: Ingia ndani tu, mama. Tuisome.

(Mlango wa mabati unakwaruza sakafu.)

Dorcas: Umeingia?

Dama: Mm.

Dorcas: Yuko macho?

Dama: Mm.

Dorcas: Pazia limefungwa?

Dama: Mm. Simu hii ya Margret, sauti yake yatoka nje kama kipaza sauti cha mkutano.

Dorcas: Punguza.

Dama: Sijui pa kupunguzia. Ongea tu. Niko kwenye baiskeli. Subiri nitoe kanga nilizoanika. Haya.

Dorcas: Kioo kimelala?

Dama: Cheupe, hakuna kitu.

Dorcas: Sukuma pedali kwa mkono, mara moja. Kitaamka.

(Krrr.)

Dama: Kimeamka.

Dorcas: Mama, huo mlio...

Dama: Ndio huo.

Dorcas: Nisomee kilichoandikwa.

Dama: T, I, M, E. Sifuri, sifuri, nukta mbili, sifuri, nne.

Dorcas: Huo ni muda. Bonyeza kitufe.

Dama: Kipi? Viko vitatu. Chekundu uliniambia nisikiguse, chafuta.

Dorcas: Usikiguse, mama, tafadhali. Cha kati.

Dama: Hiki chenye M, O, D, E?

Dorcas: Hicho hicho. Mara moja moja, usikishikilie. Kila ukibonyeza, nisomee.

Dama: S, P, D. Sifuri.

Dorcas: Mwendo. Endelea.

Dama: D, I, S, T. Sifuri.

Dorcas: Hiyo ndiyo umekuwa ukiandika. Endelea.

Dama: C, A, L. Sifuri. Halafu... hii yenye kichoro cha moyo.

Dorcas: Mapigo ya moyo, iache. Mara moja tena.

(Kitufe kinabonyezwa.)

Dorcas: Mama?

(Kimya.)

Dorcas: Mama, umefika?

Dama: O, D, O.

Dorcas: Ndiyo. Ngapi?

Dama: Nimeacha miwani kwenye ndoo ya viazi.

Dorcas: Mama. Umenisomea herufi zote hizo bila miwani.

Dama: Arobaini na saba.

Dorcas: Nukta iko wapi? Ni nne nukta saba?

Dama: Nukta iko baada ya saba. Halafu tatu. Arobaini na saba nukta tatu.

(Mtandao unakwaruza. Mtu anaita kwa mbali upande wa Dorcas: "Dorcas, laini ya mashine inaanza!")

Dorcas: Nakuja! Mama... sikiza. Ile baiskeli si mpya. Tuliinunua kwa yule mzungu aliyekuwa anahama Nyali. Hizo kilomita zitakuwa ni zake.

Dama: Zake.

Dorcas: Ndio. Si namba haijifuti? Basi baiskeli imekuja nayo kutoka huko. Yeye ndiye aliyeendesha hizo arobaini na saba, na sisi tumeikuta hivyo. Namwambia sista ni za zamani. Eeh? Mama, imeisha hiyo. Moyo ulikuwa umeshanipasuka hapa. Si ndio, mama?

(Kimya.)

Dorcas: Mama, sema ndio nimpigie sista.

Dama: Dorcas, nikisema ndio, watamkata mtoto.

Dorcas: Watamtibu.

Dama: Jumapili jioni nilitoa betri.

Dorcas: Betri gani?

Dama: Za hii kompyuta. Mbili, nyembamba. Nilitaka kusikiza mahubiri redioni na za redio zilikuwa zimekufa. Jumatatu asubuhi kabla sijakwenda stendi nikazirudisha.

Dorcas: Sasa?

Dama: Sasa, nilipozirudisha, kioo kiliwaka chote. Kikaandika vitu vyote mara moja, halafu kikaanza moja moja, chenyewe. Nilisimama nikakitazama mpaka mwisho, maana niliogopa nimekiharibu na gharama ni yako. Hata hii O, D, O niliiona. Kutoa betri kuliifuta hata hiyo; ilikuwa sifuri.

Dorcas: Una hakika?

Dama: Sifuri, sifuri, sifuri, nukta, sifuri.

Dorcas: Mama, punguza sauti.

Dama: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, leo. Siku nne.

Dorcas: Anakusikia.

Dama: Ndio nasema.

(Mtandao unakwaruza.)

Dorcas: Haiwezekani. Juzi nimekuja hapo, umembeba wewe mpaka chooni. Wewe na magoti yako hayo. Nimeona kwa macho yangu.

Dama: Nami niliona.

Dorcas: Kanisa zima limefunga kwa ajili yake. Mama Mchungaji amekuja kumwekea mikono, analia. Na Tsuma naye analia!

Dama: Alilia kweli. Kilio kile hakikuwa cha uongo.

Dorcas: Basi kwa nini? Mtu gani mwenye mguu mzima akubali kulala mezani apasuliwe?

Dama: Mwenye kuogopa kitu kuliko kisu.

Dorcas: Mzee Ngowa, baba mkwe wake.

Dama: Wewe ulikuwepo kwenye mazishi ya binti yake. Mie nilikaa na wanawake, sikusikia vizuri. Mzee Ngowa alisemaje?

Dorcas: Unajua alivyosema.

Dama: Sema.

Dorcas: Alisema... mkwe wetu yuko kitandani, hatukumwona kaburini kwa mkewe, hatumlaumu. Siku atakayoweza kusimama, aje kwetu Kaloleni kwa miguu yake, akae mbele ya wazee, atueleze Dhahabu alikufa vipi. Asitumwe mtu.

Dama: Asitumwe mtu. Na kila mwezi hupiga simu. Hasemi mengi. Aniuliza, "Bado hajasimama?" Namwambia bado. Asema, "Twangoja." Basi.

Dorcas: Lakini kuna nini cha kuogopa, mama? Ajali ni ajali. Si lori liliwabana? Tsuma mwenyewe alisema lori liliwabana, pikipiki ikaingia mtaroni.

Dama: Ndivyo alivyosema.

Dorcas: Ndivyo alivyosema, kisha nini, mama?

Dama: Dhahabu alinipigia, wakiwa njiani.

Dorcas: Lini?

Dama: Siku ile.

Dorcas: Hukuniambia.

Dama: Sikumwambia mtu. Alipiga, nikaitika, abee, lakini hakuwa akiongea na mie. Nadhani simu alikuwa ameishika tu mkononi, anishuhudishe. Upepo ulikuwa mwingi. Nilimsikia akisema, "Tsuma, punguza."

Dorcas: Mama, usiyaseme haya kwa simu ya watu.

Dama: "Tsuma, punguza." Halafu, "Nishushe nitembee." Akalisema hilo mara tatu. Si kwa ukali. Unajua Dhahabu hakuwa mkali. "Nishushe, nitembee." Na yeye nikamsikia akicheka. Kicheko kile cha akitoka mangweni kunywa mnazi.

Dorcas: Basi, mama.

Dama: Halafu simu ikakatika.

(Upande wa Dorcas, mashine zinaunguruma.)

Dorcas: Miezi minane.

Dama: Miezi minane najua. Na miezi minane namwosha miguu, nambadilisha shuka, nambeba. Sikuacha kwa kuwa najua. Hilo nataka alisikie.

Dorcas: Unaniambia mimi au unamwambia yeye?

Dama: Yeyote mwenye masikio. Nami nina langu, Dorcas. Mzee Ngowa aliponiuliza, "Mama, wewe wajua lolote?" nilimwambia sijui. Nimesema uongo kwa baba aliyezika mwana, halafu Jumapili nikaenda kwenye meza ya Bwana na mdomo huo huo. Kwa hivyo sikai hapa kumhukumu mtu. Kaloleni haendi peke yake. Tukienda, mie ndiye nitakayeanza.

("Dorcas! Msimamizi anakuita!")

Dorcas: Dakika moja! Mama, ni kumi na dakika hamsini. Nikimwambia sista hizo namba, wanafuta kila kitu. Watasema tumewachezea. Na Tsuma hatatusamehe. Nikinyamaza, kesho wanamfungua. Nifanye nini?

Dama: Alikuuliza nini, sista?

Dorcas: Aliniuliza jumla.

Dama: Basi mpe jumla. Arobaini na saba nukta tatu, tangu Jumatatu.

Dorcas: Mama...

Dama: Usiongeze neno wala usipunguze. Mpigie—

(Kitanda kinalia.)

Dorcas: Mama? Nini hicho?

Dama: Shh.

Dorcas: Mama, ni yeye?

Dama: Pazia.

Dorcas: Pazia limefanya nini?

Dama: Amesimama.

Dorcas: Ameshika nini? Ameshika mikongojo?

Dama: Mikongojo iko ukutani. Hajashika kitu.

Dorcas: Amekasirika? Mama, sogea kando. Sogea karibu na mlango.

Dama: Hawezi kunigusa, huyu. Tsuma. Keti, baba. Keti nikupe chai.

Dorcas: Anasemaje?

Dama: Hasemi. Anavaa shati. Lile la mazishi, ambalo hakulivaa.

Dorcas: Mpe simu. Mama, mpe simu niongee naye.

Dama: Huyu dadako, Tsuma. Shika.

(Mtandao unakwaruza.)

Dorcas: Tsuma? Tsuma, ni mimi, sijapiga hospitali. Waniskia? Bado sijapiga. Tuongee kwanza. Sema lolote. Tsuma?

Dama: Ni mie. Hakuipokea. Ameitazama tu.

Dorcas: Sasa anafanya nini?

Dama: Amekaa kwenye kigoda. Anavaa viatu.

Dorcas: Nani anamfunga kamba?

Dama: Ameinama. Anafunga mwenyewe.

(Dorcas analia taratibu.)

Dama: Nyamaza, mwanangu. Wenzio watakuona.

Dorcas: Muulize anakwenda wapi.

Dama: Tsuma, wenda wapi, baba? Ningoje nivae leso twende sote. Umesikia nilivyosema. Ningoje.

(Mlango wa mabati unakwaruza sakafu.)

Dorcas: Mama, huo ni mlango?

Dama: Ndio.

Dorcas: Mzuie.

Dama: Nimzuie aliyesimama?

Dorcas: Anaelekea wapi? Kushoto, barabarani? Au kulia?

Dama: Kushoto, penye gari za Kaloleni. Amepita kwa Margret. Margret ameacha kufua, ameweka mikono kichwani. Anamwita. Hamwitikii.

Dorcas: Mama, amesema nini?

Dama: Hakusema.