Kaka Yetu Fundi Rula, Aliyepima Upana wa Maneno

Ndugu zetu, majirani, wafanyakazi wenzake na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi leo, familia imenituma mimi, mdogo wake niliyemfuata kuzaliwa, niwasomee maisha ya kaka yetu, nami naomba mnivumilie pale sauti itakaponigomea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mwashi na mama fundi cherehani. Alianza shule ya msingi Januari 1966, akamaliza sekondari Novemba 1977, na walimu wake waliandika kwamba ana akili lakini ni mbishi, sifa mbili ambazo hazikumwacha mpaka juzi.

Mwezi wa Mei 1979 aliajiriwa kuwa mpiga taipu katika ofisi ya maji, na hapo ndipo alipopewa jina la Fundi Rula, kwa sababu hakutoa karatasi mezani kwake kabla ya kuilaza rula juu yake na kuhakikisha kila safu imesimama wima. Huko ndiko alikokutana na mkewe, ambaye wakati huo alikuwa muuguzi mwanafunzi na mtunzi wa mashairi, aliyekuja kuomba apigiwe taipu shairi lake, akalirudisha, akalirudisha tena, akidai utao, yaani kipande cha pili cha kila mshororo, haukukaa sawa upande wa kulia, na kaka alilirudia kila mara bila kununa, jambo ambalo sisi nyumbani tulikuwa hatujawahi kuliona. Walifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 1984, nami nikapata wifi, na vijana wa siku hizi mnaouliza wifi kila mnapoingia nyumba ya watu mjue mimi nilikuwa naye zamani kabla mtandao haujampata. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 1986 na mwana mwaka 1990, wote wako hapa mbele yenu.

Kompyuta zilipoingia maofisini, kaka alisoma upya akiwa mtu mzima mwenye watoto, na mwaka 1994 akajiunga na kampuni ndogo iliyokuwa orofa ya tatu, juu ya duka la vioo, iliyotengeneza programu ya kuandikia. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha maneno yanaonekana kwenye skrini yakiwa yamejipanga, na wenzake wanasema alihama na rula yake, akawa anaibandika kwenye kioo cha kompyuta, wakamtania kwamba siku moja atakitia mkasi.

Agosti 2001 wifi alipata kazi katika hospitali ya nchi ya mbali, mkataba wa miaka miwili, wakakubaliana aende kwa ajili ya ada za watoto, lakini miwili ikazaa mingine, na kila alipotaka kurudi kulikuwa na jambo, na kila kaka alipotaka kumfuata kulikuwa na mama yetu, aliyekuwa hawezi kuinuka kitandani bila yeye. Wakawa wanaishi kwa mashairi. Kaka alimtumia programu ile ya ofisini, akamtengenezea ukurasa wenye safu mbili, ukwapi, kile kipande cha kwanza, kushoto na utao kulia, na wifi akitunga kule, kaka anajibu huku. Nyumba ile ilikuwa na kiti kimoja karibu na dirisha ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, si kwa amri, bali tulijua tu kwamba ni cha mtu.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, maana wengi mlisikia kwamba waliwahi kugombana, na hawakugombana. Juni 2006 wifi alituma shairi lenye kichwa cha herufi kubwa, MUME WANGU, MWENZI WANGU, na chini yake mishororo iliyoanza hivi:

Nyumbani kukurejea, mpenzi hiyo ahadi,
Ugeni kuuzoea, hilo kamwe sikusudi.

Programu ile wakati huo ilipima maneno kwa kuhesabu herufi, kama mashine ya taipu inayozipa herufi zote nafasi sawa, ikaona kichwa kile kitatosha katika mstari mmoja wa safu ya kushoto, kumbe M na W ni herufi nene, na kwenye skrini ya kaka, iliyotumia mwandiko wa herufi pana kuliko ule wa wifi, kichwa kilifurika, neno la mwisho likaanguka mstari wa pili, likausukuma ukwapi wote chini, huku utao ukibaki pale pale ulipokuwa. Alichokisoma kaka ni hiki: nyumbani kukurejea, hilo kamwe sikusudi. Na mshororo wa mwisho ulibaki na kipande kimoja tu, akadhani mkewe ameishiwa maneno.

Hakumuuliza. Huo ndio ubishi wake niliousema, alikuwa mbishi kwa kila mtu ila kwa huyu mmoja, na huyu alipomwambia hapana, kama alivyodhani, aliipokea. Aliacha kuandika, akawa anakuja kwangu jioni, anakaa, ananiuliza habari za watoto wangu, anaondoka. Wifi naye kule aliona kimya kinarefuka, akaamini mume amechoka kungoja, na Desemba, alipoletewa mkataba mpya wa miaka mitatu, akautia saini.

Februari 2007 alipiga simu kuuliza matokeo ya binti yao, na kabla ya kukata akasema, "Hata kama umenichoka, ungenijibu lile shairi." Kaka akamwambia amelisoma, na amelielewa. Wifi akamwomba amsomee alichokielewa, kaka akasoma, kisha wifi akalisoma yeye kama alivyolitunga. Nilikuwepo, nilimwona kaka akishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alisema neno moja tu, "Rudi." Wifi akamjibu, "Nimeshatia saini."

Kesho yake alienda kazini mapema kuliko mlinzi. Aliwaambia wenzake kwamba neno "mimi" na neno "mama" yote yana herufi nne, lakini kwenye skrini mama ni mpana kuliko mimi, na programu isiyojua hilo itawaumiza watu. Akaibomoa hesabu yake mwenyewe, akaifundisha mashine kupima kila kipande kwa upana wake halisi katika mwandiko uliochaguliwa, kuchukua kilicho kipana kuliko vyote, ndipo ipange safu ya pili, na mstari wa kushoto ukishuka, jirani yake wa kulia ashuke naye. Programu hiyo ilitumiwa na watu wengi ambao hawakujua kilichoizaa.

Wifi alirejea tarehe 9 Januari 2010, akakaa kwenye kiti chake. Kaka alistaafu mwaka 2018, na tulidhani wameshiba kuwa pamoja, lakini siku moja alimwambia mkewe kwamba amezikumbuka barua zake, wifi akainuka, akaingia chumba cha pili, akamtungia shairi, kaka akamjibu kutoka sebuleni, na tangu hapo wakawa wanaandikiana ndani ya nyumba moja, mlango ukiwa wazi.

Mwezi wa Machi mwaka jana aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa kwa subira, na Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, akiwa nyumbani, mkewe akiwa amemshika mkono, alitutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kama baba yao, majirani waliompeleka hospitali kwa zamu bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa orofa ya tatu, ambao hawakuacha kumtania hata kitandani. Wengine wameuliza kama wifi atasoma shairi leo. Ameniomba niwaambie kwamba hatasoma, kwa sababu la mwisho lilikuwa lake, na ilikuwa zamu ya kaka kujibu.

Kaka, pumzika kwa amani, usiharakishe jibu, atangoja.