Sajini Mbugua, Aliyekataa Wanawe Wagawanywe

Josphat Mbugua Nderitu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1957 hapa Subukia, kwenye kambi ya vibarua ya shamba la mzungu, ambako babake, Mzee Nderitu, alikuwa mkamuaji wa ng'ombe. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Nderitu na Mama Wairimu, akimfuata kakake Muiruri, ambaye yuko nasi leo. Mama Wairimu alipenda kusimulia kwamba Mzee alikuja kumwona mtoto akiwa bado ameshika ndoo ya maziwa kwa kumhofia nyapara, na kwamba Mbugua alilia kwa mara ya kwanza alipoguswa na baridi ya ndoo hiyo.

Alisoma shule ya msingi hapa bondeni, akamaliza mwaka 1972, kisha akaenda Nakuru kujifunza ufundi wa magari. Insha hakuzipenda. Chochote chenye skrubu alikifungua, hata redio ya jirani, na si mara zote aliweza kuifunga tena.

Machi 1977 alijiunga na jeshi. Alipata mafunzo Lanet, akawa fundi wa magari ya jeshi, akahudumu Nanyuki na Wajir, na mwaka 1989 akaenda Namibia pamoja na kikosi cha Kenya cha kulinda amani. Hakuwa mtu wa kujigamba. Akiulizwa habari za Namibia alijibu, "Mchanga. Mpaka ndani ya ugali, mchanga," na mazungumzo yakaishia hapo.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na Margaret Wangare, mwalimu wa nasari kutoka Bahati. Mungu akawajalia mabinti watatu: Becky Wairimu, Sue Nyokabi na Tabitha Wangui. Wangare alikuwa mcheshi, naye Mbugua mkimya, na majirani wa Lanet walisema nyumba hiyo ina redio moja na msikilizaji mmoja. Aprili 1992 Wangare alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Hakumaliza wiki. Becky alikuwa na miaka minane, Sue sita, na Tabitha hajafikisha miwili.

Baada ya mazishi, ukoo ulikaa kikao. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Waliona askari aliyefiwa na mke hawezi kulea, kwa hivyo Becky angeenda kwa amu yake Nyahururu, Sue kwa nyanyake Bahati, na mtoto mdogo kwa shangazi yake Molo. Muiruri ndiye aliyetumwa kumweleza. Mbugua alikuwa ameketi na Tabitha amelala kifuani mwake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana," akasema.

"Mbugua, wewe ni mtu wa jeshi," Muiruri akamwambia. "Leo uko Lanet, kesho uko Wajir. Nani atawapikia? Nani atawaosha?"

"Mimi."

"Wewe? Hata chai hujui kuchemsha."

"Nitajua."

Wakati huo jina lake lilikuwa tayari limeingia katika kikosi cha kwenda Yugoslavia, safari ambayo askari wengi waliitamani, maana waliorudi walijenga. Siku aliyorejea kazini alienda moja kwa moja kwa afisa wake, akaomba jina lifutwe.

"Koplo, wenzako wanalilia hii nafasi," afisa akamwambia. "Ukiikataa, usitarajie nyingine. Hata cheo utakingoja sana."

"Naelewa, afande. Lakini nikienda, nikirudi nitakuta watoto watatu ambao hawajuani."

Afisa akachukua kalamu, akalikata jina. Mbugua akabaki kwenye karakana ya Lanet. Tangu siku hiyo wenzake walimpita kwa vyeo mmoja baada ya mwingine. Yeye alipata usajini mwaka wa mwisho wa utumishi wake. Hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika, ingawa Becky anakumbuka kwamba siku kikosi kilipoondoka, babake aliketi nje ya nyumba, akisugua buti ambazo zilikuwa zimeshang'aa.

Malezi hayo hayakuwa rahisi. Ugali ulimshinda kwa miezi. Jirani yake Jepkosgei, mke wa askari mwenzake, alimwangalilia Tabitha mchana, na ndiye aliyemfundisha kusuka nywele. Jumapili baada ya kanisa, Mbugua alimketisha Sue katikati ya magoti yake, kitana mkononi, ulimi umetoka pembeni kama mtu anayefunga nati ndogo. Mistari ya kwanza ilipinda kama barabara inavyoteremka Subukia. Jepkosgei alipoiona alishika kiuno.

"Baba Becky, hii kichwa umesuka ama umefunga na waya?"

"Imeshika," akajibu. "Haiwezi kufunguka njiani."

Kweli haikufunguka. Sue alikaa na mistari hiyo wiki mbili kwa sababu hakuna aliyeweza kuifumua. Lakini mwaka ulipoisha, wasichana wengine wa kambi walikuwa wakija wenyewe kwa Koplo kusukwa.

Alistaafu mwaka 2001, akafungua gereji Salgaa, akitengeneza breki za malori. Alikuwa na ukaidi wake, na jamaa hawataficha hilo: hakumwachia dereva gari ambalo yeye mwenyewe hakuridhika nalo, hata atukanwe.

"Boss, mzigo unangojewa Malaba!" dereva angepiga kelele.

"Na wewe unangojewa kwako," Mbugua angemjibu, ufunguo wa lori ukiwa mfukoni mwake.

Kwa kazi hiyo Becky alisoma akawa muuguzi, Sue mwalimu, na Tabitha fundi wa umeme.

Kwa miaka mingi hakutaka kusikia habari za kuoa tena. Ni mabinti wenyewe waliomsukuma. Tabitha alipoolewa, Sue alimuuliza, "Baba, sasa kwa hiyo nyumba unaongea na nani?" Tarehe 9 Agosti 2014 alifunga ndoa na Jepkemboi, mjane aliyekuwa akifanya kazi katika shamba la maua Naivasha, wakaishi Kihoto, mtaa ulio kando ya ziwa hapo Naivasha. Jepkemboi anasema uchumba ulianza na mlango wake uliokuwa ukikwaruza sakafu. Mbugua, aliyekuwa amekwenda huko kutengeneza lori, aliutengeneza bila kuombwa, kisha akawa anarudi kila Jumamosi kuangalia kama bado unafunga vizuri.

Mvua za mwaka 2024 zilipoyaleta maji ya ziwa mpaka vitandani, Mzee Mbugua alikuwa wa mwisho kutoka kwenye ploti yao, baada ya kuwavusha wapangaji wote waliokuwa na umri mkubwa, wengine wao wadogo kwake. Yeye na Jepkemboi wakahamia hapa nyumbani. Ni hapa moyo wake ulipoanza kuchoka. Miguu ilivimba, na kutoka nyumbani hadi zizini ikawa safari ya kupumzika njiani. Oktoba mwaka huu wa 2025 alilazwa hospitalini Nakuru.

Siku moja kabla hajatuacha, mabinti zake watatu, Jepkemboi na Muiruri walikuwa kando ya kitanda. Alizungumza polepole, akivuta pumzi kati ya maneno.

"Jeneza watabeba hawa," akasema, akiwaonyesha mabinti.

Muiruri akatikisa kichwa. "Mbugua, wasichana hawabebi jeneza. Watu watasema hukuwa na ndugu."

"Wacha waseme. Mimi niliwabeba."

Muiruri, mzee wa zaidi ya miaka sabini, alimtazama ndugu yake, kisha akawatazama wale wasichana, ambao sasa ni wanawake wenye watoto wao.

"Sawa," akasema. "Lakini nami nitashika nyuma. Ile njia ya shambani inateremka, na mvua imenyesha."

Sajini Mstaafu Josphat Mbugua Nderitu alifariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 7 Novemba 2025, Jepkemboi akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane. Alitanguliwa na mkewe wa ujana, Margaret Wangare, na leo watalala ubavu kwa ubavu.

Ameacha mjane, Jepkemboi, mabinti Becky, Sue na Tabitha, wakwe watatu, wajukuu saba, kakake Muiruri pamoja na ndugu wengine, Jepkosgei, ambaye mabinti humwita mama, na marafiki wengi wa Lanet, Salgaa na Kihoto.

Baada ya maombi, mabinti watamwinua baba yao, na Mzee Muiruri atashika nyuma. Wanaume wa ukoo wanaombwa kuwapisha njia.

Mungu amlaze salama katika udongo uliomlea.