Ghala Ambalo Hakuna Aliyeliitikia

Mgeni rasmi, uliye pia mkuu wa chuo chetu, mwalimu wetu, nesi wa zahanati jirani, wanafunzi wenzetu:

Tumetoka makazini na majikoni, wengine bado tuna vumbi la saruji viatuni. Kabla hujaingia tulimwomba Mungu atulize mioyo yetu, naye ametusikia. Karibu katika darasa la jioni.

TULIKOTOKA

Sisi ni watu wazima. Yupo dereva wa lori, yupo mpishi wa hospitali, yupo fundi cherehani tunayemwita Mama Pindo, kwa kuwa haachi uzi ukining'inia. Tulikuja kujifunza barua pepe tu. Kisha mwalimu akatuambia kuwa chuo hukodi kompyuta zilizo mbali, ziitwazo wingu, na kwamba huko askari wa mlangoni ni kanuni zilizoandikwa na watu, ambazo mtambo huzifuata bila kuchoka.

Udadisi ukatushika. Mama Pindo ndiye aliyeuliza lililotukaa sote kooni: kanuni hujuaje kuwa mtu amekosea? Mwalimu akacheka, akasema haijui. Huuliza kile tu ulichoifundisha kuuliza.

TULIYOFANYA

Tukaandika kanuni zetu. Ghala la taarifa, yaani sehemu ya kuzihifadhi winguni, likikosa jina la mmiliki kwenye lebo yake, mtambo ulikatae. Ghala lililoachwa wazi kwa umma, mmiliki apelekewe onyo.

Nesi akatuamini, akatupa majina ya watoto wa chanjo na simu za mama zao, ili tutengeneze utaratibu wa kuwakumbusha tarehe. Mama Pindo akajenga ghala. Akaliacha wazi ili wenzake walione kutoka nyumbani, akijua kuwa akisahau kulifunga, kanuni itamkumbusha.

LILILOTUKWAZA

Likizo ikaingia, akasahau. Kanuni ikaona mlango wazi, ikatuma onyo. Hakuna aliyelipata. Nesi, akitafuta mtandaoni namba ya zahanati kwa simu yake, akakutana na majina ya watoto wale wale. Alimpigia mwalimu, ghala likafungwa hapo hapo. Chuo kikamwondolea Mama Pindo ruhusa ya kuingia kwenye wingu, na bila ruhusa hiyo hawezi kufanya mtihani wa wiki ijayo.

Mwalimu alipotazama lebo ya ghala, penye nafasi ya mmiliki palikuwa na neno moja: Mungu.

Hakuwa akifanya mzaha. Cherehani yake, wateja wake, hata watoto wake, yeye husema wote ni wa Mungu. Nasi tuliiona lebo ile tukaitikia amina, kwa hiyo kosa si lake peke yake.

"Mama, ni kweli vyote ni vyake," mwalimu alimwambia taratibu. "Lakini mtambo ukibisha hodi, nani ataitika?"

Mama Pindo akaisoma lebo tena. "Mimi, mwalimu. Ilinipasa niitike mimi."

Siku ya kliniki alikwenda mwenyewe kuwaomba radhi akina mama. Mmoja alimjibu kuwa radhi amepokea, ila anataka kujua kesho mlango utafungwa na nani. Mama Pindo akarudi na swali hilo darasani kama mtu aliyebeba maji kichwani. Kwa idhini ya mwalimu alisimama nyuma ya dereva, yeye akisema, dereva akipiga kibodi, wakaziandika upya kanuni. Sasa lebo haikubali ila jina la mtu aliyesajiliwa darasani, na ghala lenye habari za watu hufungwa kwanza, ndipo mwenye dhamana huulizwa.

Tukajaribu kuidanganya kanuni. Dereva akaandika jina la mama mkwe wake, likakataliwa. Alisema hajawahi kuona kitu chenye ujasiri wa kumkatalia mama yule.

OMBI LETU

Hatuombi kompyuta mpya, ingawa hizi zinakoroma. Tunaomba Mama Pindo arudishiwe ruhusa yake kabla ya mtihani.

Tuna swali pia, ambalo tumelijadili bila kufikia jibu. Kanuni za chuo kizima zinapotuma onyo, huitika nani? Tunauliza kwa kutaka kujua, si kwa kukulaumu.

Mwenye vyote akulinde njiani, akupe usikivu ukibishiwa hodi, na nyumba yako iwe na amani.

Ni sisi, Darasa la Jioni.

Mmiliki wa risala hii: Mungu.
Wa kuitika: Mama Pindo, kiti cha nyuma, karibu na mlango.