Nzilani wa Muli, Fundi wa Springi wa Kambu, 1944–1993

Ndugu waombolezaji, jamaa mliotoka Kikima na Kitui, majirani zetu wa Kambu, familia inawasomea maisha ya mama ambaye Jumamosi iliyopita saa nne asubuhi alikuwa amesimama kwa miguu yake akicheka, na msomaji akisitasita mtuvumilie, maana maneno haya yameandikwa na watu ambao bado hawajaamini.

Marehemu Nzilani alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 huko Kikima, Mbooni, mtoto wa pili wa mhunzi Mzee Muli na Mama Ndila, akasoma hapo kijijini mpaka darasa la sita mwaka 1957, kisha akabaki kwenye karakana ya babake, ambapo majembe yalifuliwa kutoka springi kuukuu za malori, na huko ndiko alikojua chuma kipi hupinda kikarudi na kipi kitavunjika.

Tarehe 18 Desemba 1965 alifunga ndoa na Ndungu wa Ng'ang'a, aliyehamia Kambu kutoka Murang'a, wakafungua gereji kando ya barabara ya Mombasa, na Mungu akawajalia watoto watatu, Ng'ang'a, Kagure na Muli.

Ndungu alipenda mashindano ya pikapu, yale ya magari mawili kusimama mstari mmoja na kufyatuka pamoja kwa robo maili, lakini kila alipokanyaga mafuta ekseli ilijipinda, springi zikajikunja, tairi za nyuma zikarukaruka na gari likaenda upande, mpaka Nzilani alipolala chini ya gari hilo mwaka 1974, akayabana mabamba ya springi kwa vibano upande wa mbele wa ekseli ili yakaze, akayaacha ya nyuma huru yapate kunyumbuka, na tarehe 12 Desemba pikapu ikachomoka imenyooka, ikamshinda Roble, msafirishaji wa mifugo.

Wiki iliyofuata Roble alikuja kuomba gari lake litengenezwe vivyo hivyo, Ndungu akafoka, "Mama Ng'ang'a, unamsaidia huyu anishinde?" naye akajibu akiwa chini ya gari, "Baba Ng'ang'a, likienda upande litaingia kwa watu, na hao watu ni wetu," na tangu siku hiyo hakuna gari lililoshindana Kambu kabla hajazishika springi zake, wala mtazamaji aliyeumia.

Hapa ndipo husomwa habari za ugonjwa, lakini Nzilani hakuugua, asubuhi ya tarehe 12 Juni 1993 alikunywa chai, akakagua pikapu ya Roble na ile ambayo bintiye Kagure angeiendesha mashindanoni kwa mara ya kwanza, akainua mkono kuanzisha mashindano, akaushusha, magari yakafyatuka, na kabla vumbi halijatulia alikuwa chini, moyo umesimama, huku Kagure yuko mwisho wa uwanja akipiga honi kwa furaha.

Tunawashukuru madaktari waliompokea, majirani ambao hawajatuacha tangu siku hiyo, mafundi wenzake, Bwana Roble aliyemkimbiza hospitali, na mkewe Deqa aliyemshika kichwa njia nzima.

Kagure ameomba mamake aambiwe hapa, kwa kuwa hakupata nafasi ya kumwambia mwenyewe: Mama, tulishinda, na gari halikuruka hata kidogo. Lala, Mama yetu, upumzike kwa amani.