Kibomba Kilichoishia Nusu: Wasifu wa Ndugu Yetu Kalamu

Ndugu yetu tunayemzika leo, ambaye mtaa mzima ulimwita Kalamu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1954, alfajiri, mvua ikinyesha, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Dada yake, wakati huo ana miaka saba, ndiye aliyekimbia kumwita mkunga, na ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Haya yote yameandikwa na dada huyo, na hakuna tarehe hata moja aliyoikisia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1962, akamaliza la saba mwaka 1968. Hesabu zilimpiga chenga, lakini ukimpa kijiti na wembe hakuwa na mpinzani. Penseli zake alizichonga mpaka zikawa kama sindano.

"Wewe, penseli unaandikia au unakula?" mwalimu alimuuliza siku moja.

"Nainyoosha, mwalimu. Ilikuwa imepinda."

Mwalimu alicheka, kisha akamsimamisha nje mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Huko nje aliokota kijiti kingine.

Mwaka 1970 aliajiriwa kwenye karakana ya samani, kazi yake kukereza miguu ya viti na meza. Karakana ilipofungwa mwaka 1991, alinunua mashine kuukuu ya kukerezea, akaifunga kwenye chumba cha uani, akaanza kutengeneza kalamu za mbao. Wengi wenu mnazo mifukoni. Kabla ya kukerezwa, kipande cha mbao cha urefu wa kidole hutobolewa katikati kwa keekee, kikaingizwa kibomba cha shaba ambacho ndicho uti wa mgongo wa kalamu. Alikisugua kibomba kwa msasa ili gundi ipate pa kushika, akakichoma ncha kwenye kiazi kibichi ili kiazi kizibe tundu na gundi isiingie ndani ya kibomba, akakipaka, akakisukuma huku anakizungusha. Ukisita, gundi inakamata, kibomba kinagoma katikati ya safari, na kazi yote ni ya kutupa. Ndiyo maana aliposhika kibomba hakumjibu mtu.

Tarehe 18 Agosti 1979 alimuoa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamke mcheshi, mwenye ulimi usiolala. Siku moja alimwita wifi yake jikoni akamwonyesha kapu la viazi.

"Wifi, njoo ushuhudie. Nyumba hii ina panya mwenye keekee."

"Panya huyo ndiye anayekulisha," Kalamu akajibu kutoka uani.

"Ananilisha matundu, baba. Viazi anakula yeye."

Walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1983. Kila alipopanda darasa baba yake alimkerezea kalamu mpya, naye hakukubali kuandikia nyingine.

Sasa yafuatayo yanajulikana mtaani kwa minong'ono, na dada yake ameona heri yasemwe mara moja, mbele ya jeneza lake, yaishe. Tarehe 3 Oktoba 2012, mkewe akiwa amelala na moyo mgonjwa, binti alikuja mbio mlangoni mwa uani.

"Baba, njoo, mama anabadilika."

Siku hizo alitumia gundi ya haraka, na kibomba kilikuwa kimeshapakwa, kimo mkononi.

"Naingiza hiki kimoja tu, mwanangu. Kitagoma."

Alikiingiza, akafuta vidole, akaenda. Hata dakika mbili hazikutimia. Alimkuta mkewe ameshafumbwa macho, na aliyemfumba ni binti yao. Baada ya mazishi binti alifunga mizigo yake. Neno alilomwachia baba yake lilikuwa moja: "Kimoja tu." Kalamu zake zote alizipanga juu ya kitanda, akaondoka, akahamia mbali. Tangu siku hiyo Kalamu aliitupa gundi ya haraka akashika ile ya kuchanganya, inayompa mtu dakika chache kabla ya kukauka. Barua alizomwandikia binti yake hazikujibiwa. Dada yake alizipeleka posta mwenyewe, moja kila mwaka, kumi na moja.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua. Daktari alisema ni vumbi la mbao. Mwanzoni mwa mwaka 2024, akijua hana siku nyingi, aling'oa mguu mmoja wa meza ya cherehani ya marehemu mkewe. Ulikuwa umeliwa na mchwa, ukatoa kipande kizima kimoja tu. Hicho alitaka kiwe kalamu ya binti yake, imfikie huku baba angali hai. Jumatatu tarehe 12 Februari alikitoboa, akapumzika, akasugua kibomba, akakipaka gundi, akaanza kukisukuma. Kilipofika nusu, simu ikaita. Dada yake, aliyekuwa amemshikia taa, akasoma jina kwenye kioo, akamwambia ni nani. Kalamu aliweka kila kitu chini.

"Cheti cha kifo cha mama kiko wapi? Nakihitaji ofisini," sauti ilisema.

"Kipo kabatini, mwanangu. Hujambo?"

"Mpe shangazi akitume."

Simu ikakatika. Kalamu alibaki ameishika, anaitazama, kama vile bado inaongea. Alipogeukia meza, gundi ilikuwa imekauka na kibomba kimegoma, nusu ndani, nusu nje. Dada yake alimwambia wajaribu kukigonga. Alikataa.

"Usikiguse. Safari hii nimekiacha. Umeona mwenyewe, dada, nimekiacha."

Hakushika kazi tena. Alifariki Jumatatu tarehe 26 Februari, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na tisa.

Dada yake alimpigia binti kumpa taarifa na kumweleza habari ya kibomba. Alijibiwa kwa upole: "Shangazi, mambo ya vibomba niliyamaliza zamani." Hakuweza kufika leo. Kipande hicho, kikiwa hivyo hivyo kilivyo, kitapelekwa kwake pamoja na nakala ya wasifu huu. Akikitupa, asilaumiwe na yeyote aliyesimama hapa.

Marehemu ameacha dada mmoja, binti mmoja, mashine moja ya kukerezea, na meza ya cherehani yenye miguu mitatu.

Apumzike mdogo wetu. Mikono yake sasa haina gundi.